Kilimanjaro kwa njia ya Marangu: usiku wa tatu unalala wapi?

Mkuu, hiyo pesa usiitume bado. Umesema umepata safari ya siku 5 kwa njia ya Marangu, unataka kujua ulale Moshi mjini au Marangu kabla ya kupanda, viatu ukodi au ununue, na mwezi upi ni mzuri. Mimi nimekwama kwenye hizo siku 5, kwa sababu ndizo zilizonishusha mlimani nikiwa nimefungwa kwenye machela.

Wakala wangu alinipa maneno karibu sawa na hayo uliyoambiwa wewe: siku ya 6 ni ya watalii wazee, kijana kama wewe unapita tu, ya nini kulipia kulala bure? Nikamwamini. Na asije mtu hapa kusema sikufanya mazoezi. Miezi miwili nilikuwa nakimbia kila alfajiri, mbwa wa mtaa mzima wananijua.

Siku ya kwanza ni msitu, mbega juu ya miti, unafika kambi ya Mandara, mita 2,720, ukiwa na njaa nzuri. Siku ya pili kambi ya Horombo, mita 3,720. Hapo kichwa kilianza kugonga kidogo, nikanywa chai nikalala. Asubuhi kundi tulilopanda nalo, wao walikuwa na siku 6, wakaenda kutembea hadi miamba ya Zebra Rocks, karibu mita 4,000, halafu wakarudi kulala Horombo palepale. Sisi tukaaga, tukaingia lile jangwa kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, kwenda kulala kambi ya Kibo.

Piga hesabu mwenyewe. Kambi ya Kibo ni mita 4,720. Ushauri unaojulikana ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Mimi nilipandishwa 1,000, na usiku uliotangulia 1,000 nyingine. Kibo sikuweza kumeza hata supu. Nilitapika mara tatu kabla ya saa sita usiku, na bado nikaamka kuanza safari ya kilele, kwa sababu ya pesa niliyokwishalipa. Kwenye changarawe, mbali kabisa na Gilman's Point, pale ukingo wa kreta, nikaanza kuyumba. Kiongozi akaniambia nitembee mstari ulionyooka, nikashindwa. Akasema tunashuka, na hakunipa nafasi ya kubishana. Namshukuru hadi leo.

Toka kambi ya Kibo wagumu, yaani wapagazi, walinisukuma kwenye ile machela ya gurudumu moja. Katikati ya jangwa tukapishana na wale wa siku 6, wanapanda polepole, wanaongea. Kulikuwa na mama mmoja mstaafu ambaye siku ya kwanza nilimpita msituni bila jasho. Akanishika mkono, akasema pole mwanangu. Alifika kilele cha Uhuru, mita 5,895, picha alinitumia wiki ile ile. Mimi nilipofika Horombo kichwa kilikuwa kimeshatulia, nakula wali kama sikuumwa. Ni kimo tu, mkuu. Ungenipa usiku mmoja zaidi palepale Horombo, huenda ningeendelea.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye: yule wakala mwenyewe hajawahi kuvuka Mandara. Anauza usiku asioujua, anakata siku ili bei yake ionekane ndogo kuliko ya jirani, na ukianguka huko juu yeye yuko ofisini na feni. Pesa haikurudi hata senti.

Kuhusu Moshi au Marangu, lala Marangu, ni karibu na lango na pako juu kuliko Moshi. Lakini hicho ni kitanda kidogo kwenye hii habari. Kitanda chenye uzito ni cha Horombo, na ukilale mara mbili wakati wa kupanda.

Mpigie wakala wako sasa hivi, muulize usiku wa tatu unalala wapi. Akisema Kibo, achana naye. Jibu lake liandike hapa kabla hujatuma chochote.