Jeki ya magurudumu kwa IST: usibabaishwe na tani

Mkuu, umeuliza uchukue ile jeki ndogo ya tani 2 inayouzwa kwenye kasha la plastiki au kubwa ya tani 3, kwa ajili ya brekipedi na kumwaga oili kwenye Toyota IST. Tani ziweke pembeni kwanza. IST yote ina uzito wa kama tani 1, na ukiinua kona moja hubebi hata nusu yake. Kinachokwamisha watu ni urefu.

Chukua tepu, pima kutoka chini hadi ukingo wa chuma ulio chini ya mlango, pale penye mikato miwili, kisha punguza sm 5 au 6 kwa ajili ya siku ya pancha. Kichwa cha jeki kikishushwa kabisa lazima kipite hapo. Nyingi ndogo huanzia sm 13 au 14, zile bapa hushuka hadi sm 8 hivi.

Juu ndiko kwenye mtego. Jeki ndogo nyingi huishia kama sm 33, na sehemu ya hizo inaliwa bure, maana bodi inapopanda springi zinajinyoosha na tairi bado limekanyaga chini. Stendi nazo (vile viegemeo vya chuma vya kubebea gari likishainuliwa), zikiwa fupi kabisa, nyingi hufika sm 27 au 28. Jeki inagota, stendi inaingia kwa kusukumiza. Tafuta inayofika sm 45 na kuendelea.

Halafu kuna urefu wa mwili wake. Ukiinulia ukingoni, jeki imekalia palepale stendi inapotakiwa. Njia safi ni kuinulia katikati mbele, kwenye krosimemba, ile boriti ya chuma inayokatiza chini ya gari, iliyooneshwa kwenye kitabu cha gari (siyo sampo, bakuli la oili la injini!), stendi mbili zikae ukingoni kulia na kushoto. Jeki fupi ukiisukuma hadi huko, mpini unagonga bampa na huwezi kupampu. Kwa hiyo tani 3 ndefu, kama una nguvu za kuiburuta. Nyingi zinapita kilo 30.

Ila kama uani kwako ni mchanga au kokoto, hata hiyo itakusumbua. Mkono wa jeki unapanda kwa kuzunguka, hivyo kichwa kinarudi nyuma kuelekea kwako na jeki lazima itambae kukifuata. Vigurudumu vikizama haitambai, kichwa kinateleza na gari linadondoka. Weka chini ubao mpana wa plaiwudi, unene wa sm 2 hivi, au kafanyie kazi kwenye sakafu.

Hendibreki inashika matairi ya nyuma tu. Ukiinua nyuma haina kazi tena, kwa hiyo weka kabari mbele. Na usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake: sili (mpira unaozuia oili ya jeki isivuje) ikipasuka haikupi taarifa.

Jeki mpya ikipanda kwa kusitasita, ina hewa. Legeza valvu ya kushushia, pampu mara 10 hadi 15 bila mzigo, kaza, jaribu tena. Ikipungua oili, ongeza oili ya haidroliki mkono ukiwa chini kabisa. Oili ya breki inaharibu sili. Skrubu ndogo iliyozibwa kwa rangi au kifuniko kwa kawaida ndiyo valvu ya kuzuia mzigo uliozidi, hiyo usiiguse.