Mwanangu kaandikiwa picha ya nyuklia ya figo, ndo kansa?

SWALI: Shikamoo dokta. Mie mama wa hapa Masasi, nina binti wa miaka minne, mwaka huu peke yake UTI imemrudia mara tatu na homa kali mpaka analazwa. Altrasaundi wamempiga wakasema figo ziko sawa, sasa daktari kaandika rufaa Dar akapigwe picha ya nyuklia, karatasi inasema Ocean Road. Bibi yake kusikia hivo kaanza kulia, majirani nao wanasema mionzi itamharibu kizazi. Kweli ana kansa? Na kwa nini isipigwe huku huku Mtwara?

JIBU: Marahaba mama. Bibi mwambie anyamaze kwanza, Ocean Road ni taasisi ya saratani ndio, ila wana kitengo cha tiba ya nyuklia na humo wanaingia hata watu wasio na kansa kabisa, wa figo, wa goita, wapo wengi tu. Binti yako anatafutwa makovu.

Iko hivi, altrasaundi inaonyesha umbo, na figo linaweza likawa na umbo zuri kabisa huku kipande chake kimeshakufa kwa sababu ya zile UTI. Kwaiyo anachomwa sindano ndogo mkononi yenye dawa inaitwa DMSA iliyofungwa na teknesiamu, yaani kitu chenye mionzi, dawa inakimbilia kwenye nyama ya figo iliyo hai na kukaa hapo, mnasubiri kama masaa mawili matatu alafu analazwa kwenye kamera ya gama. Kamera yenyewe haitoi mionzi wala nini, yenyewe inatazama tu. Eksirei ni kama kumulika tochi, huyu mtoto yeye ndo kimulimuli. Penye kovu dawa haiingii, kwenye picha utaona figo kama embe lililong'atwa pembeni.

Mionzi anayopata ni kama milisiviti 1 (ndo kipimo cha mionzi mwilini), na binadamu wa kawaida kwa wastani anapata 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula bila kupigwa picha yoyote. Ya kizazi ni maneno ya kibarazani.

Kuhusu Mtwara, ukiacha kamera na vibali vya Tume ya Nguvu za Atomiki, tatizo ni dawa haivumilii safari, kila masaa 6 nusu yake inapotea. Ipakie kwenye basi Dar saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana imebaki nusu, jioni mnashuka na robo! Ndo maana wanaikamua asubuhi hapo hapo kwenye jenereta yao, sio ya umeme, ni chombo kinachotoa hiyo teknesiamu, na wenyewe wanaita kabisa kukamua ng'ombe.

Ila kabla hujakata tiketi muulize daktari hiyo UTI ya mwisho imepita lini, maana picha ikipigwa mapema figo bado lina uvimbe na ule uvimbe unafanana na kovu, wengi wanasubiri miezi 4 hadi 6. Siku yenyewe ale kama kawaida, anywe maji mengi akojoe mara kwa mara, na beba kitu cha kumtuliza maana pale mezani akijigeuza picha inaharibika, simu yenye katuni inatosha kabisa.

SWALI: Dokta mimi mvuvi wa Kilwa, figo la kushoto limejaa maji, nimeambiwa picha ya nyuklia na wakati wa kupiga nitapewa Lasix. Ya nini wakati sijavimba miguu?

JIBU: Kaka hiyo Lasix ni dawa ya kukojosha, ila kwako sio tiba, ni kipimo. Picha yako ni ya kuangalia dawa ya mionzi inavoingia kwenye figo na kutoka, karibu nusu saa umelala tu. Wakikupa Lasix mkojo unasukumwa kwa nguvu, ile dawa ya mionzi ikishuka basi njia ipo wazi ila imelegea tu, ikigoma kushuka kuna mahali pamebana. Pia watakupa asilimia ya kazi ya kila figo, la kawaida linafanya kama 45 hadi 55, la kwako likiwa chini ya 10 ndo utasikia wanaongea habari za kulitoa. Nenda choo kabla hujapanda mezani, Lasix haina adabu.