Shoo ya Dar: fika siku moja kabla, umtafute fundi mitambo wa sauti kwanza

Mdogo wangu wa Tukuyu, umesema umeitwa kupiga dakika 40 Dar es Salaam, peke yako na gitaa kavu, lile lisilo la umeme. Umeahidiwa asilimia ya mlango, yaani ya viingilio, nauli juu yako, na hujui uende au uache. Mimi natokea Iringa, sina lebo wala meneja, na barabara hiyo nimeisafiri kwa ajili ya muziki tangu 2013. Jibu langu ni nenda, ila usiende kama nilivyokwenda mimi mara ya kwanza.

Shoo yangu ilikuwa Ijumaa saa tatu usiku. Nilipanda basi Ijumaa hiyohiyo alfajiri, nikijua alasiri niko Ubungo, maana wakati huo stendi ilikuwa bado iko pale. Lori likalala katikati ya barabara Mlima Kitonga. Unapajua pale, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, hakuna pa kupenya. Tulikaa saa tano nzima. Nilishuka Ubungo saa mbili na nusu usiku, nikadaka bodaboda na gitaa mgongoni, nikaingia ukumbini mtu wa kabla yangu akiwa kwenye wimbo wa mwisho.

Kupima sauti hakukuwepo. Gitaa langu halikuwa la kuchomeka waya, na fundi mitambo hakuwa ameambiwa. Akanisogezea maiki ya kuimbia, akaielekeza kwenye shimo la gitaa. Nilipopiga nyuzi kwa mara ya kwanza spika zikapiga mluzi. Akishusha, sisikiki hata meza ya mbele. Akipandisha, mluzi unarudi. Watu wa Dar si wabaya kama wanavyosemwa huku bara. Walinivumilia nyimbo mbili, kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao. Nyimbo nilizozitunga miaka minne zilipita kama redio ya jirani. Niliumia sana, na kilichoniumiza ni kwamba muziki wenyewe haukuwa na kosa.

Ndiyo maana nasema mtafute fundi mitambo kabla hujamtafuta promota. Promota amekuita kwa sababu alikusikia kwenye simu. Fundi ndiye atakayeamua kama watu watasikia kile alichokisikia promota. Omba namba yake leo, mpigie, mwambie una gitaa moja na sauti moja, mwulize ana nini. Kama gitaa lako lina tundu la kuchomeka, mwulize kama ana DI, kile kisanduku kinachopokea waya wa gitaa na kuipeleka sauti yake kwenye mixa, ile mashine ya fundi ya kuchanganya sauti, kwa umbali mrefu bila kupoteza ung'avu. Kama hana, nunua chako cha bei ya chini, utazeeka nacho. Kama gitaa ni la maiki tu, mwombe asiielekeze kwenye shimo. Pale shimoni panatoka mvumo mzito unaozunguka kwenye spika na kurudi kuwa mluzi. Maiki ikae inatazama pale shingo inapokutana na tumbo la gitaa, karibu na freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya kukatiza shingo), umbali wa shibiri moja hivi. Na uwe na kizibo cha mpira cha kuziba shimo. Kinaonekana kitu kidogo lakini kimeniokoa zaidi ya mara moja.

Mara ya pili nilifika Alhamisi kwa shoo ya Ijumaa. Ijumaa saa nne asubuhi nilikuwa mlangoni mwa ukumbi, nikawakuta mafundi wanashusha spika kwenye gari. Sikujitambulisha kama msanii, nilishika upande wa pili wa spika tukabeba. Saa sita tulikula wali maharage pamoja, na saa nane yule fundi alinipa nusu saa nzima ya kupima, muda ambao bendi kubwa ya usiku ule haikuupata kwa sababu ilichelewa. Alipotea kidogo, akarudi na spika ndogo akaniwekea miguuni nijisikie. Usiku ule nilipiga nyimbo saba. Kwenye wa tatu mama mmoja alikuja na noti akanibandika kwenye paji la uso, wengine wakamfuata. Sikuwa nimebadilisha hata mstari mmoja tangu ile shoo ya kwanza.

Sasa pesa. Ile mara ya kwanza nilipewa 22,000, nikaambiwa ndiyo asilimia yangu baada ya kutoa gharama. Gharama zipi, sikuuliza mapema, na usiku huo nikazisikia kwa mara ya kwanza: mitambo, ulinzi, matangazo. Haikutosha kunirudisha nyumbani. Kwa hiyo wewe uliza sasa, kwa ujumbe wa maandishi ubaki kwenye simu: asilimia inapigwa kabla ya gharama au baada? Nani anahesabu tiketi, na wanaolipia kiingilio kwa lipa namba wanahesabiwa vipi? Kisha omba kiwango cha chini kisichotegemea mlango, hata kama ni nauli ya kwenda na kurudi tu. Anayekataa kukutumia nauli ya kwenda anakuambia kwamba hasara yote ya usiku ule itakuwa yako. Si lazima umnunie. Mimi nilikwenda mara mbili kwa masharti hayo kwa sababu nilitaka kusikika, lakini niliweka akiba nikijua najilipia mwenyewe. Wanaoumia ni wale wanaokwenda na nauli ya upande mmoja, wakitegemea shoo iwarudishe.

Kama unafikiria kubeba bendi, iache nyumbani safari hii. Watu wanne ni nauli nne, vitanda vinne, sahani nne mara tatu kwa siku. Nenda na gitaa, wakikupenda utaita wenzako.

Kuhusu kusafiri na gitaa. Tukuyu ni baridi na mvua, Dar ni joto la pwani na unyevu wa bahari, na kati ya hapo kuna buti la basi ambalo mchana linakuwa tanuri. Legeza nyuzi kabla ya kuondoka, usizilegeze kabisa, punguza tu mvuto. Usikubali liwekwe buti. Ongea na kondakta kwa heshima asubuhi kabla abiria hawajajaa, lisimame kati ya magoti yako au likae juu kwenye rafu ya mizigo ndani ya basi kama linaenea. Ukifika mbao itakuwa imevuta unyevu, nyuzi zitanyanyuka kidogo kutoka kwenye freti, na sauti itahama kila baada ya saa chache. Hii ni sababu nyingine ya kufika jana yake, maana gitaa nalo linahitaji kulala Dar usiku mmoja. Nyuzi mpya zifunge hukohuko siku ya shoo, jasho la pwani linazitia kutu haraka. Reli ya TAZARA pia nimeipanda kutoka Makambako. Ni safari tamu, gitaa linapumzika na mtu analala, lakini kwenda nayo kwenye shoo yenye saa maalumu sikushauri. Panda ukirudi, kama treni zipo.

Basi siku hizi linakushusha Mbezi, stendi ya Magufuli, si Ubungo tena. Usipange malazi katikati ya mji wakati ukumbi uko upande mwingine, foleni itakula mchana wako wote. Lala karibu na ukumbi, hata kama gesti ni ya kawaida tu.

Umeuliza pia kama uache zile nyimbo mbili za Kinyakyusa upige za Kiswahili tupu. Tafadhali usiziache. Dar imejaa watu waliotoka kwenye migomba ya Rungwe, na wasiotoka huko wanaisikia bongo fleva kutwa nzima kwenye daladala. Mimi nilipoimba wimbo wa bibi yangu wa Kihehe, mzee mmoja alisimama akaanza kuitikia kutoka nyuma kabisa ya ukumbi, nami sikuwahi kupata kiitikio kama kile kwenye wimbo wa Kiswahili. Wala huhitaji kujigeuza mtu wa Dar. Mbaraka Mwinshehe, yule mwanamuziki wa dansi wa zamani, alijulikana nchi nzima akiwa Morogoro Jazz, kisha Super Volcano, na Salum Abdallah kabla yake alifanya hivyo na Cuban Marimba, palepale Morogoro. Dar ikawafuata. Unakwenda kupiga shoo, hujahamia.

Mambo ya karatasi ni machache lakini yafanye. Jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kabla ya safari, na mwulize promota kama ana kibali cha onyesho, maana shoo ikizuiwa jioni nauli yako hairudi. Nyimbo zako nazo zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Watu watakurekodi kwa simu na hutawazuia.

Ukipata usiku wa ziada, usiumalizie kitandani. Uliza bendi kongwe za dansi ziko wapi, Msondo Ngoma au Sikinde, uende ukakae nyuma usikilize gitaa la rizimu tu, lile linaloshika mdundo, wimbo mzima, linavyokaa pale pale bila kuyumba hadi chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, linapoingia. Msondo ni bendi iliyoanza 1964 kama NUTA Jazz, na bado inafundisha. Mchana pita Nafasi, kituo cha sanaa cha Mikocheni, uone wenzako wanavyofanya kazi. Mimi namba za watu wawili walioniita tena nilizipata nikiwa nimekaa nasikiliza wengine.

Siku yako ikithibitishwa, andika hapa ni basi gani na saa ngapi mtapita Iringa. Nina kizibo cha shimo cha ziada na seti moja ya nyuzi ambayo sijaifungua. Nitakuwa Ipogolo barabarani, ushuke dakika mbili tu uvichukue.