Nimeibiwa mkoba wenye kitabu cha hundi na kitambulisho, nifanyeje?

Pole sana ndugu. Kwa kuwa mkoba ulioibwa ulikuwa na vyote viwili, usingoje kesho. Pigia benki sasa hivi, uwape namba za hundi zilizobaki wazizuie. Mimi ningefunga akaunti hiyo kabisa na kufungua nyingine, maana namba yake tayari iko mikononi mwa mwizi. Kisha polisi, upate ripoti ya maandishi. Huenda benki wakaihitaji.

Kitambulisho ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. Mtu anaweza kukopa kwa jina lako, ukaja kushtuka unadaiwa. Omba taarifa yako ya mikopo, yaani orodha ya mikopo iliyoandikwa kwa jina lako, na uiangalie tena baada ya miezi michache. Na akipiga “mtu wa benki” akitaka namba ya siri, kata simu.