Jirani Anayeniudhi: Je, Ninalazimika Kumpenda?

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Mimi ni mkazi wa Majengo, Moshi. Jirani yangu ni mama Mkristo ambaye kuku wake huparua mchicha wangu kila kukicha, na sasa ameniomba achomeke boriti za banda la kuku hao kwenye ukuta wangu. Moyo wangu haumtaki. Je, dini inanilazimisha kumpenda?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Dada yangu, ule uchungu unaokupata unapokuta tuta limefukuliwa si wa hiari yako, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa iwezalo. Utakachoulizwa ni namna ulivyomtendea. Aya ya 36 ya Suratun-Nisaa imeamrisha wema kwa jirani aliye jamaa na asiye jamaa bila kuweka sharti la dini, na Abdullah bin Amr (r.a.), alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake, aliuliza mara mbili kama jirani yao Myahudi alikuwa amepelekewa.

Suala la boriti, kwa bahati, lina hadithi yake mahsusi. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza jirani kumzuia jirani yake kuchomeka boriti katika ukuta wake; na Abu Hurayra, alipoona watu wanalipa kisogo agizo hilo, aliapa kwamba atawatupia agizo hilo baina ya mabega yao, yaani hataacha kuwakumbusha. Imamu Ahmad bin Hanbal alilichukua kuwa ni wajibu, ilhali wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafii katika kauli iliyo mashuhuri, wanaona ni jambo linalopendekezwa, na wote wanashurutisha ukuta usidhurike. Kwa hiyo mwite fundi autazame: ikiwa ni wa tofali imara, sioni sababu ya kukataa mbao tatu nne za banda, ikiwa una ufa, unayo haki ya kukataa, ila mwoneshe ufa wenyewe, asije akadhani umemnyima kwa chuki. Tena banda hilo, dada yangu, ndilo litakalowafungia kuku wanaokuudhi.

Wakati banda likisubiriwa, mwambie habari ya mchicha ana kwa ana, si kwa kuwapitia wenzake bombani, maana maneno ya pembeni humuumiza mtu kuliko lawama ya wazi. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr azidishe maji katika mchuzi ili awakumbuke jirani zake, nawe siku ukipika mtori, bakuli moja halitakupunguzia kitu.

Kuku wakiendelea kuingia hata baada ya hapo, kulifikisha jambo kwa balozi wa nyumba kumi si kuvunja ujirani. Katika hadithi ya Abu Dawud, mtu aliyemshtakia Mtume jirani yake aliambiwa kwanza arudi akasubiri, na alipozidi kulalamika akaelekezwa atoe vyombo vyake njiani, wapita njia wakauliza kisa na wakamlaani mwenye kuudhi, hadi jirani mwenyewe akaja kumwomba arudishe vyombo ndani.

Wallahu a'lam.