Jibu: IPA isiyonukia, na ile yenye harufu ya boksi

Ndugu, umeuliza kwa nini IPA (bia chungu yenye hopsi nyingi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu) ya kiwanda kidogo haikunukia, na chupa ya pili ikanuka boksi lililolowa. Ya kwanza ilikuwa baridi mno. Itoe kwenye friji dakika 15 kabla, ifike nyuzi 8 hadi 10, umimine nusu glasi yenye mdomo uliobana. Viputo vikiganda ubavuni, glasi ina mafuta, ioshe upya. Nusa kwanza, ndipo unywe.

Harufu ya boksi ni oksijeni iliyoingia wakati wa kujaza, na joto la dukani huizidisha. Harufu ya hopsi hupotea mapema, kwa hiyo soma tarehe ya kujazwa: iliyopita miezi 3 usiipe maksi, utamwonea mpishi wa bia. Ikinukia siagi, hapo huenda hamira haikumaliza kazi yake.