Sumu ya Shaba na Samaki Wetu

SWALI: Ndugu Mhariri, wataalamu hukadiriaje kiwango cha sumu kitakachodhuru samaki bila kuimwaga ziwani? Msomaji, Ujiji, Kigoma.

JIBU: Ndugu msomaji, hutumia hesabu zilizojengwa juu ya majaribio ya maabara. Chukua shaba, iliyomo katika baadhi ya dawa za ukungu wa mimea: ikiyeyuka hunata kwenye matamvua ya samaki, lakini kalsiamu na magnesiamu za majini hugombea nafasi hizohizo, kwa hiyo kiasi cha shaba pekee hakitoshi kukadiria madhara. Maji ya Ziwa Tanganyika, yenye pH (kipimo cha uasidi au ualkali; zaidi ya 7 ni alkali) inayokaribia 9, huipunguza makali. Kijito cha maji laini, yaani yenye kalsiamu na magnesiamu kidogo, hakina kinga hiyo, nami nakihofia zaidi. Shambani, mboji huishika shaba, hivyo minyoo ya udongo wa kichanga, wenye mboji kidogo, huumia mapema.